Kucha za Bwana Yangu

Bwana yangu alikufia Bunia, mu kambi ya wakimbizi, chini ya bashi, hema ya plastiki. Kwetu Djugu mutu anazikwa ku udongo wake, maana makaburi ndiyo inasema shamba ni ya nani. Siye hatukusoma, karatasi hatukuwa nayo. Babu analala pale, basi pale ni kwetu.

Hata vita ilianzia pale. Tajiri mufugaji, jirani yetu, alipata karatasi ya shamba ku biro ya serikali, akasogeza seng'enge, ngombe zake zikakanyaga kaburi ya baba-mukwe wangu. Mutu wa biro alikula rushwa. Na wakubwa wa Bunia, wa upande wa wafugaji na wa upande wetu, wakagawa bunduki kama vile wanagawa sabuni. Leo wanakaa kanisani ku benchi ya mbele, wanaimba.

Kumupeleka maiti kwetu haikuwezekana, barabara iko na vizuizi. Tukazika mwili ku makaburi ya muji kwa lazima, na tukafanya vile inafanywa kama mutu amefia mbali: shemeji alimukata kucha na nywele kidogo, akafunga mu kitambaa. Hizo zizikwe kando ya baba yake, watoto wangu wasikose fasi ya kusimama na kusema ni kwetu.

Nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka ku kizuizi. Wenye bunduki wa pale ni vijana wa kwetu, wanaongea luga yetu, wanajiita walinzi wetu. Nikafurahi, mujinga miye.

Mukubwa wao aliniuliza, "Mama, na kitambaa unaenda wapi?"

Nikamuelezea. Akaangalia chini.

"Mama yangu, kule hakuna tena kaburi. Tulichimba."

"Mulichimba nini?"

"Dahabu. Ilikuwa chini ya wale wazee."

"Na mifupa?"

"Tulisogeza."

Mwenzake, mihogo mu kinywa, akasema, "Rudia Bunia, mama. Ao ulete chepeo ya kuchimbia, na weye utapata dahabu yako!" Wakacheka wote.

Nilirudi Bunia na kitambaa yangu. Shemeji anasema, "Tuzike ku kaburi yake ya hapa, yaishe." Nikikubali, nitakuwa nimewaambia watoto kwao ni hapa, chini ya bashi. Nimekataa. Lakini fasi ingine sina, na shemeji anajua sina.