Nilipoitika Jina la Greta

Juzi niliingia duka la vitabu hapa Nakuru kumnunulia binti yangu madaftari. Kijana wa kaunta alikuwa akimfungulia mteja chupa ya wino, na kabla sijamaliza salamu harufu ile ikanifikia, harufu ya chuma kilicholowa maji, yenye uchachu kidogo.

"Mathe, uko sawa?" kijana akaniuliza.

Nilikuwa nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Nilikuwa nimerudi Ndabibi, nina miaka minane, na kuna mtu ananiita kwa jina lisilo langu.

Mama alikuwa mpishi wa Memsaab Hilda, mzee wa Kijerumani aliyebaki peke yake katika nyumba ya mawe baada ya mumewe kufa. Sisi tulikaa nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Upande ule wa Ziwa Naivasha vumbi ni jeupe na laini kama unga, na upepo wa alasiri ulilipenyeza chini ya milango hadi ndani ya sukari. Watoto wenzangu walisema nyumba kubwa ina watu wasioonekana. Mimi niliyeingia humo kila siku kupitia jikoni sikuona cha kuniogopesha, isipokuwa choo kilichojengwa ndani ya nyumba wanamokula watu. Hilo nililiona aibu kubwa.

Nikitoka shule nilimkuta Memsaab mezani karibu na dirisha, akiandika. Kalamu yake ilikuwa nyeusi, nene, yenye ncha ya dhahabu, na ilikwaruza karatasi kama kuku anayechakura mahali mbali. Aliandika tarakimu moja tu: nane, nane, nane, ukurasa mzima.

"Kuja hapa," aliniambia siku moja kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Shika. Usisukuma. Kalamu iko na uzito yake."

Ndivyo nilivyojifunza habari za kiwanda cha kalamu cha kwao Ujerumani. Kilianza, alisema, na ndugu wawili katika chumba cha nyuma ya duka la mkate, wakichonga kalamu kutoka kwa mpira mgumu mweusi. Kikakua, kikawa na bomba refu la moshi kando ya mto, na nusu ya mji ikawa inakula humo. Baba yake alikuwa fundi wa kunoa ncha. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, aliwekwa kwenye meza ya kujaribu kalamu, na kila kalamu ilijaribiwa kwa kuandika nane, kwa sababu nane huipeleka ncha kila upande. Kisha vita vikaja. Dhahabu ikakatazwa, ncha zikawa za chuma. Baadaye hata kalamu zikaachwa, mashine zikageuzwa kutengeneza vipande vya silaha, na watu wa nchi nyingine wakaletwa kufanya kazi wakiwa wamefungiwa. Hapo kila mara Memsaab alirudia kuandika nane zake.

Sijui ni lini hasa alianza kuniita Greta. Kwanza nilidhani ameteleza ulimi. Kisha likawa ndilo jina langu mle ndani. "Greta, fungua dirisha." "Greta, wewe iko baridi?" Nami niliitika, tena kwa "ja", kama alivyonifundisha. Nilipenda. Greta alipewa biskuti, na hakutumwa kuni.

Mama alinisikia alasiri moja akileta chai. Aliweka sinia chini, akanivuta mkono mpaka jikoni.

"Nani amekufundisha kuitika hivyo?"

"Ni jina tu, Mama."

"Si jina tu! Huyo Greta ni dada yake, alikufa akiwa mdogo kama wewe. Ukiitwa kwa jina la marehemu, Nyambura, unanyamaza. Ukiitika unamfungulia mlango. Umenisikia?"

Nilisikia, na kuanzia hapo nyumba ile ikawa ya kutisha kweli. Nilikatazwa kuingia. Lakini sauti haikatazwi. Kila alasiri upepo ulipoanza, nilimsikia akiita kutoka dirishani: "Greta! Greta!" Niliziba masikio. Usingizini niliota msichana mweupe wa vumbi amesimama kwenye miti ya uani, ananidai biskuti zake.

Kisha Memsaab akaacha kula. Mama alimpikia supu, akamsagia viazi, akambembeleza kama mtoto. Siku ya tatu au ya nne alikaa naye chumbani muda mrefu. Alipotoka alinikuta nikipukuchua mahindi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaninawisha uso na miguu, akanipaka mafuta kama tunapokwenda kanisani.

"Nenda kwa Memsaab. Akikuita, itika."

"Na ule mlango?"

Mama alifunga kibwebwe upya, akatazama pembeni. "Ameniambia. Siku mji wao ulipopigwa mabomu wakati wa vita, Greta alikuwa amempelekea baba yao chakula kiwandani. Walimsikia akiita chini ya mawe. Waliitana naye, wakachimba kwa mikono, mpaka akaacha kujibu. Nenda, mama."

Chumba kilinuka dawa na wino. Memsaab alikuwa amekuwa mdogo kitandani.

"Greta?"

"Ja. Niko hapa."

Alinishika shavu. Vidole vyake vilikuwa na buluu isiyotoka. "Wewe iliumia?"

Nilimtazama Mama mlangoni. Mama alitikisa kichwa kukataa.

"Hapana," nikasema. "Haikuuma."

"Iko giza huko?"

"Hapana. Kuna jua."

Alilia bila sauti, kisha akalala. Aliamka akala supu, na akaishi mpaka baridi ya Julai. Hakuita tena dirishani.

Mtoto wa kaka yake alikuja kutoka Ujerumani, mtu mpole mwenye haraka. Alimwambia Mama kwamba kiwanda kilifungwa zamani, siku hizi humo wanauza viti, na jina lake lilinunuliwa na watu wengine wanaotengeneza kalamu kwingine. Akaitia ile kalamu mfukoni, akaenda.

Kwa miaka mingi nilidhani nilimdanganya mgonjwa. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwa nini kuitika kulikuwa rahisi kwangu, na kwa nini Mama aliogopa kiasi kile. Nyambura ni jina la mama yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ndiyo desturi yetu Wakikuyu, mtoto huwarudisha wakubwa. Mama alipokuwa na furaha, au akiwa na huzuni, aliniita *maitu*, yaani mama yangu, nami niliitika bila kufikiri. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kinachotafutwa kwa kuita hivyo. Labda hakutaka kunigawana na marehemu wa mtu mwingine.

Sasa Mama anaishi nami. Binti yangu wa pili nimemwita Wairimu, jina la Mama. Jana jioni niliita "Wairimu!" ili mtoto aje ale, na sauti mbili ziliitika, moja kutoka uani, nyingine, nyembamba, kutoka chumba cha Mama. Nilisimama na mwiko mkononi. Kisha nikaita tena, ingawa nilikuwa nimeshasikia.