Gari Pamoja na Abiria Wake

Nilipopata kazi Embu, baba aliniagiza niuze gari la familia kabla sijaondoka Meru, kwa sababu macho yake hayamruhusu tena kuendesha, na mama hajawahi kujifunza. Nikatangaza kwamba linauzwa jinsi lilivyo. Kisha wasiwasi ukaniingia: je, mnunuzi akirudi kudai nilimdanganya?

Kwa hiyo alipofika, mfanyabiashara wa miraa kutoka Mikinduri, nilimweleza yote hata kabla hajaketi: mlango wa pembeni unaokwama, moshi wa asubuhi, harufu ya mbuzi tuliyembeba Krismasi.

"Kijana, unauza au unatubu?" akaniuliza.

Mama akamnywesha chai. Tulipotoka kulijaribu gari, tulikuta akina mama wa kanisa wameshakaa ndani na sufuria zao, wakisubiri kupelekwa matangani kama kawaida. Nikawasihi washuke.

"Tushuke twende na nini?" mmoja akajibu. "Washa gari, mwanangu, tumechelewa."

Mnunuzi akachukua ufunguo, akaipanda ile barabara ya vumbi ya mlimani huku wao wakiimba na mimi nikisikiliza kila mlio wa injini. Gari likafika juu bila kusita.

"Nimelichukua," akasema. "Hawa ni wazito kuliko magunia yangu, na limewaweza."

Nilikuwa bado sijashusha pumzi, mmoja wao alipomgusa bega.

"Na jioni utatuchukua saa ngapi?"

Mnunuzi akanigeukia. "Hili hukuniambia."