Leseni ya Mgeni Aliyetafuna Kahawa Yangu

Tangu nistaafu nakodisha gari langu hapa Bilele. Ni moja tu. Likigongwa bila bima, sina jingine. Wakala wa bima alinionya: dereva kutoka nje akikuonyesha kile kitabu cha kibali cha kimataifa cha udereva, dai na leseni ya kwao. Kitabu ni tafsiri tu ya leseni. Peke yake hakina nguvu, na bima haitalipa.

Usharika wetu wa kanisa ukaniletea kijana wa Kijerumani aliyetaka kwenda Muleba. Kiswahili alikijua. Akanipa kitabu.

"Na leseni yenyewe?"

"Nimeiacha hotelini, Mzee."

Alijibu haraka mno. Kabla sijasema neno, mke wangu aliweka kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, na mgeni akatafuna huku amekunja uso. Kwetu, aliyetafuna kahawa yako hahojiwi tena. Nilipofungua mdomo, mke wangu akaninong'oneza kwa Kihaya: "Unataka kumhoji kama mwizi wa ndizi?"

Nikatoa ufunguo. Baadaye nikampigia simu.

"Uko wapi?"

"Barabarani, Mzee."

"Mbona nasikia muziki?"

"Ni redio yako, Mzee."

Sikutulia. Nilikwenda hotelini kwake. Mhudumu akasema mgeni ameondoka na kila kitu chake, hakuacha hata soksi. Nikapanda gari la abiria kumfuata.

Karibu na Muleba nililiona gari langu limesimamishwa na trafiki. Nikashuka mbio. Mgeni alikuwa akitoa leseni kwenye kipochi alichofunga kiunoni, ndani ya shati. Trafiki akailinganisha na kitabu, akamrudishia.

"Hiyo imetoka hotelini lini?" nikauliza.

Akawa mwekundu. "Nisamehe, Mzee. Niliambiwa wakodishaji huchukua leseni ya mtu na kuishikilia."

"Na kahawa yangu ukatafuna!"

"Na wewe ukanifuata."

Trafiki akacheka. "Mzee, kijana yuko halali, na bima yako iko salama. Mwache aende."

Nilijua anasema kweli. Nilichokitafuta tangu asubuhi nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Hata hivyo nikanyoosha mkono kudai ufunguo.

Alinipa bila kubishana, akachukua begi lake, akasimama ukingoni mwa barabara. Muleba mjini palikuwa hapo mbele tu; ningeweza angalau kumfikisha. Niligeuza gari, nikarudi Bilele peke yangu.