Ilitoka Juu au Ilitoka Chini

Mwezi uliopita nilikuwa Lushoto mjini, nimekaa kwenye mgahawa karibu na stendi nikisubiri gari la kunipandisha kijijini, mara simu ya binti anayehudumia ikaanza kuita. Haukuwa mlio wa kawaida. Ilikuwa piano, na sauti zilipanda moja moja, zikafika juu, zikageuka, zikashuka taratibu bila haraka yoyote. Nikaweka kikombe chini. Nikamwomba asipokee kwanza.

Nilipomuuliza ni muziki gani, akasema hajui, "Niliukuta tu kwenye simu, mama." Halafu akanitazama kama anayemtazama mtu aliyechanganyikiwa. Hakukosea.

Maana sauti zile, rafiki yangu, nazijua. Nimekua nazo. Kinachonitesa ni kwamba sijui nilizisikia kwanza kwa nani, na jambo hilo dogo ndilo lililowagombanisha watu wawili niliowapenda kuliko wote baada ya bibi yangu.

Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya mteremko. Juu yetu aliishi mwalimu wa kwaya ya kanisani, mtu wa Tanga mjini, aliyevaa koti hata jua likiwaka. Chini yetu aliishi jirani, mkulima wa kabeji na karoti, Mwislamu kama sisi, mwenye gitaa kavu lililopasuka ubavuni. Mfereji mmoja wa maji ulitupitia sote: ulianza kwa mwalimu, ukapita kwetu, ukaishia kwa jirani. Na alasiri ukungu unaposhuka kule kwetu, we acha tu. Humwoni hata ng'ombe aliyefungwa mlangoni, lakini unasikia kila kitu: mchi wa mtu ng'ambo ya bonde, kikohozi, mama anayemwita mtoto. Unasikia vizuri kabisa, ila huwezi kusema kinatoka wapi.

Mimi nilitumwa kwa wote wawili. Juu nilipeleka maziwa, chini nilipeleka bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mshunga ambayo bibi aliipika chungu kwa makusudi, akisema ndivyo mtu mzima anavyokula. Kwa mwalimu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, chenye harufu ya vumbi na nta. Alinifundisha kuimba do, mi, so, kisha do ya juu, nikiwa bado nimeshika kopo tupu. Kwanza alizibonyeza zote pamoja, ikatoka sauti moja nene. Halafu akaziachia moja moja, na kile chumba kidogo kikawa kama kimefunguliwa dirisha. "Pamoja umesema neno," aliniambia. "Moja moja, umelieleza." Alisema wasomi wa muziki wana jina lake, arpejio, na kwamba huko Ulaya watu wametunga vitabu vizima kwa hilo tu. Mimi nilidhani ananitania.

Jirani hakujua do wala mi. Alinifundisha gitaa huku tukimwagilia. Unafungua jaruba la kwanza kwa jembe, maji yanajaa, unaziba. Unafungua la pili, la tatu, la nne. Ukiyafungulia yote kwa mpigo unapata matope, na miche inalala. "Nyuzi nazo ni hivyo hivyo, mwanangu," alisema, "kila mmoja na zamu yake." Kisha ananawa mikono, anakaa kwenye tenga lililopinduliwa, anapiga yale magitaa ya dansi aliyoyasikia redioni, sauti moja moja zikipanda na kushuka, na mimi natikisa kichwa mpaka shingo inauma. Ee Mungu wangu, nilivyokuwa na raha!

Sasa, siku ya sikukuu kanisani, kwaya ikaimba wimbo mpya wa mwalimu. Tulikwenda hata sisi tusio wa kanisa hilo, tukasimama nje madirishani, maana wali ulikuwa wa wote. Kinanda kikaanza peke yake: do, mi, so, ikapanda, ikageuka, ikashuka, na katika kushuka ikajikwaa kidogo, kisha ikaendelea. Kule kujikwaa ndiko kulikokuwa kutamu. Jirani, aliyekuwa amesimama karibu nami, akapaza sauti, "Hee! Hiyo si yangu hiyo?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Watu walipotoka, akamwambia jirani mbele yao kwamba yeye mwalimu ndiye aliyeipiga kwanza, jirani akaiokota bondeni akaipeleka kwenye dansi. Jirani akasema ni kinyume chake: mwalimu ameitoa jarubani akaivalisha koti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wewe usiyetoka kwetu labda huoni ubaya ulipo, nikueleze. Kule kwetu mtu hasalimiwi kwa neno moja akaachwa. Unaanza na "Onga mshi," halafu unauliza nyumbani, watoto, ng'ombe, maharage yamefikia wapi, mguu uliokuwa unauma, na mwenzio anakujibu kimoja kimoja, naye anakurudishia vyote. Wale wawili waliacha kusalimiana. Asubuhi mwalimu alifungulia maji, jirani akayapokea kule chini, na katikati hapakuwa na neno. Bibi alisema afadhali wangepigana ngumi, zingekwisha.

Mwishowe walikuja uani kwetu, kila mmoja na njia yake, wakataka niseme. Nilikuwa mtoto pekee aliyeingia nyumba zote mbili. "Wewe uliisikia kwanza kwa nani?" aliuliza mwalimu. Jirani akasema, "Sema tu, mwanangu, usiogope." Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Nikakumbuka alasiri ya ukungu, nachambua maharage, na sauti zile zinakuja, zinajikwaa, zinaendelea. Zilitoka juu? Zilitoka chini? Hata chombo chenyewe sikukitambua. Nikasema sijui. Ilikuwa kweli tupu, na wote wawili walinikasirikia. Bibi akawafukuza, akisema mtoto si shahidi wa kelele zao.

Baada ya hapo sikuitwa kwa kinanda wala kwa gitaa. Nililia sana, sikufichi. Miaka ikapita, jirani akahamia Zirai kwa mwanawe, akafia huko.

Basi siku ile yule binti wa mgahawa alinirushia muziki wake kwenye simu yangu, nikapanda nao kijijini. Mwalimu bado yupo. Amekuwa mzee sana, masikio yamefifia, na watu wa nyumbani kwake wanasema siku nyingine hata wao anawasahau. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kama mgeni. Nikamwekea simu sikioni bila kumwambia kitu.

Vidole vyake vikaanza kutembea kwenye goti, kimoja kimoja. Sauti zilipoanza kushuka, vidole vikajikwaa, ilhali piano haikujikwaa. Nikasubiri aseme ni yake.

"Huyo jirani," akasema, akitazama mlangoni, ambako ukungu ulikuwa umeshafunga. "Leo anapiga vizuri. Teremka ukamwambie namsalimu. Muulize na watoto. Muulize na ng'ombe, na maharage yamefikia wapi."

Sijui alikuwa anakiri, au alikuwa amechanganya kama ninavyochanganya mimi. Niliitika "ndiyo, Mwalimu," nikateremka kweli, nikapita palipokuwa na nyumba ya bibi, nikaufuata mfereji ambao sasa umekauka na kuota majani. Kwa jirani hakuna nyumba, kuna kabeji za mtu nisiyemjua. Nikasimama pale na salamu zote zile, za watoto, za ng'ombe, za maharage, nikakosa wa kumpa.