Vidonge vya Wifi

Wateja walimwita Mama Pindo, maana hakuna fundi aliyemfikia kwa kukunja pindo la sketi likalala sawa. Akiwa na miaka arobaini na sita, hedhi yake ilivurugika: ilikuja mara mbili kwa mwezi, nzito, na matiti yakimuuma. Akaacha kuvaa nguo nyeupe, akaificha hali hiyo.

Aliyeambiwa ni mmoja tu, wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa msusi.

"Homoni zimekuzidia, wifi," alisema, akitoa chupa kwenye mkoba. "Vidonge hivi ni vya mboga na mimea. Ini linapata nguvu, linazitoa zile za ziada. Hata mimi nameza, huoni ngozi yangu?"

"Hayo ni mafuta unayojipaka."

"Haya, baki na ngozi yako hiyo kama turubai."

Wakacheka. Mama Pindo akawa anameza viwili kila asubuhi. Matiti yalipoa, au alidhani yamepoa. Damu haikupungua. Alipouliza, wifi alimjibu kwamba ni uchafu unatoka, avumilie. Akavumilia miezi mitatu.

Siku moja alikuja muuguzi kujaribu sare. Mama Pindo alipoinama kupima urefu, kizunguzungu kikamshika, pini zikamwagika sakafuni. Muuguzi akapiga magoti, akamvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe kama karatasi.

"Dada, unatokwa damu tangu lini?"

Aliposikia jibu, hakungoja sare. Alimpeleka hospitali, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni mwa fundi.

Daktari aliisoma mpaka mwisho lebo ya chupa ya vidonge aliyoitoa Mama Pindo mkobani. "Sisemi ni sumu," alisema. "Ila hakuna kidonge cha kusafisha kitakachoondoa kilichomo kwenye kizazi chako."

Picha ya tumbo ilikuwa imeonyesha uvimbe mkubwa kama chungwa. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa umemkausha damu. Aliongezewa damu, kisha akapasuliwa.

Wifi alisimama kwenye mlango wa wodi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mimi ndiye niliyekwambia uvumilie."

"Na mimi ndiye niliyekusikiliza. Ingia. Ningekufa, nani angekuvumilia wewe?"

Wifi akaangua kilio, na kicheko humohumo. Wiki sita alimfulia na kumpikia. Vidonge anauza mpaka leo, ila kwanza humuuliza mteja habari za hedhi yake. Wawili keshawashika mkono mwenyewe akawapeleka kwa daktari, nywele zikiwa zimesukwa nusu.