Swali Nililompa Mama

Siku moja nilinunua bajia kwa mama mmoja wa hapa Muyeye, mjini Malindi, nikazikuta zimefungwa kwa nakala ya kitambulisho cha mtu. Picha, jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, vyote vimelowa mafuta lakini vinasomeka. Bajia nilizila, sikatai, njaa ilikuwa inauma. Kisha nikarudi na ile karatasi nikamfokea yule mama hadi wateja wake wakaanza kutawanyika. Alijitetea kwamba karatasi hizo huzinunua kwa kilo kutoka kwa watu wa fotokopi, na kwamba yeye kusoma hajui. Niliichana vipande vipande mbele yake, nikaenda zangu kifua mbele kama niliyeokoa roho ya mtu.

Ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa. Nina kibanda cha kutoa na kutuma pesa kwa simu, na katika kibanda kile nimewaona watu wazima wakilia kama watoto. Nimemwona mzee aliyeambiwa ameshinda zawadi, atangulize pesa kidogo tu za kuifungulia. Nimemwona mwalimu mzima, mwenye miwani, aliyemtajia namba yake ya siri mtu asiyemjua kwa sababu mtu huyo alizungumza kwa adabu. Basi nikawa mkali. Mteja akija anahema, simu imeng'ang'aniwa sikioni, humnyang'anya kwanza nikamuuliza baadaye. Wengine walinisifu, wengine walisema nina kiherehere, na pande zote mbili zilikuwa na haki.

Mama yangu alikuwa akiishi kijijini, ndani ya Malindi, upande wa kuelekea Kakoneni, penye mihogo yake na minazi michache aliyoachiwa na baba. Watoto aliobaki nao tulikuwa wawili: mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni. Kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na nyayo zilizopasuka kwa chumvi, na mama alimkandia miguu kwa maji ya vuguvugu huku akimuuliza ataoa lini. Yeye alijibu kuwa anasubiri mwanamke anayependa samaki mkavu, maana huyo hatamwona tofauti. Walicheka wote wawili, kila mwezi, kwa mzaha uleule.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo mambo haya yasingekuwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Na mke aliyelelewa vizuri hatamki jina la baba mkwe wake, hata huyo mkwe awe amezikwa miaka na miaka. Mama alilelewa vizuri. Kwa hiyo mwanawe mwenyewe, aliyemzaa kwa uchungu wake, hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita "baba". Jina lenyewe likitajwa mbele yake na watu wengine, aliinamisha macho.

Tapeli aliyempigia mama simu mara ya kwanza wala hakuhitaji kuyajua hayo. Alisema tu, "Mama, shikamoo, ni mimi mwanao."

"Marahaba. Baba! Mbona sauti hivyo?"

"Mafua, mama."

Mtu mwingine angesema, "Mwanangu yupi? Jitaje." Mama hakuwa na njia ya kulidai jina ambalo masikio yake yenyewe yanalikwepa. Jamaa akamwambia simu yake imeibwa, ameazima hii, na kuna shida kazini inayotaka pesa leo hii au afukuzwe. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameuza mbuzi wawili. Alitembea hadi kwa wakala wa kule kwao akatuma zote, kisha akakaa kungoja mwanawe amwambie zimefika.

Nilipopata habari nilikwenda kijijini kesho yake asubuhi. Na hapa natamani niandike kwamba nilimpa pole. Sikumpa. Nilimfokea mama yangu uani kwake, jirani wakisikia.

"Ulijuaje kama ni yeye?"

"Niliona ni sauti yake."

"Sauti si ushahidi, mama! Sauti mtu yeyote anaweza kuwa nayo!"

Mama alikuwa ameshika ufagio na aliendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kuwa safi. Mdogo wangu alipokuja mwisho wa mwezi alimkumbatia, akamwambia mbuzi watazaliwa wengine, na kwa faragha akaniambia mimi, "Dada, wewe ungekuwa polisi, jela zingejaa wazee watupu." Sikucheka.

Ndipo nilipotunga swali. Tulikaa watatu, nikasema kuanzia leo, yeyote akipiga kwa namba ngeni na kujiita mtoto wa humu, mama atamuuliza: nani alikula mayai ya bibi? Tulipokuwa wadogo mayai ya kuku wa bibi yalikuwa yakipotea, na mdogo wangu akaapa kwamba amemwona kenge akitoka bandani. Boma letu zima liliingia vichakani na marungu kumsaka kenge, naye mwenyewe mbele, anaelekeza. Alikuja kukiri akiwa mtu mzima kwamba mayai aliyala yeye, mabichi. Jibu la swali basi lilikuwa kenge. Wengine wa boma lile walikwisha kufa; duniani tulibaki watatu tunaolijua.

Niliongeza na masharti mengine, maana mimi nikianza kufundisha siachi. Asiyejibu swali, kata simu. Akipiga tena, zima kabisa. Na anayekusomea jina kamili la mtu na namba ya kitambulisho chake, huyo ndiye mwizi hasa, kwa sababu hivyo ndivyo vitu wanavyoviiba. Mtoto wako hawezi kukupigia akakusomea kitambulisho. Mama aliyarudia yote kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilimfanyia majaribio kwa simu ya jirani, mara mbili, na mara zote mbili alinikatia. Nilimsifu sana.

Kiasi cha miezi mitatu baadaye mtu alijaribu kuichukua laini yangu, ajifanye mimi. Nilimwahi, nikabadilisha namba, na ile mpya nikaificha kama dhahabu. Mama alikuwa nayo kwenye simu yake, mdogo wangu kwenye yake. Kichwani hakuwa nayo mtu.

Kisha asubuhi moja mdogo wangu alipanda pikipiki kwenda kazini na pikipiki ikaanguka, sijui mbuzi walivuka barabara, sijui mchanga, kila mtu ana lake. Dereva aliumia mkono. Mdogo wangu alilaliwa na pikipiki kifuani na taya likavimba. Simu yake ilikuwa mfuko wa mbele, ikapondeka. Walimpeleka kwenye zahanati iliyokuwa karibu, na pale alikuwa macho, anaongea kwa shida. Muuguzi akamuuliza ampigie nani. Namba pekee aliyoikariri ilikuwa ya mama, kwa kuwa ile laini alimnunulia yeye, kwa mshahara wake wa kwanza.

Yaliyotokea kwenye simu nimeyapata kwa muuguzi upande mmoja na kwa mama upande wa pili, na hayatofautiani. Muuguzi alianza kwa heshima, akamsalimu, akamwambia anapiga kutoka zahanati. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akitaka mama aamini, alichukua kitambulisho kilichokuwa mfukoni mwa suruali akamsomea: jina kamili, na namba.

"Ahsante," mama akasema. "Mwizi we."

Muuguzi akampa mgonjwa simu. Mdogo wangu akasema, "Mama."

"Nani alikula mayai ya bibi?"

"Mama, nimeumia. Nisikilize."

"Nani alikula mayai ya bibi?"

Muuguzi anasema mgonjwa alimtazama kama aliyesahau yuko wapi. Akasema tena, "Mama," na mama akakata. Walipopiga tena, alizima simu.

Mwenzake wa kazini ndiye aliyekuja hadi kibandani kwangu, adhuhuri, viatu vyeupe kwa chumvi. Nilifunga kibanda wateja wakiwa wamesimama. Nilipofika zahanati walikuwa wameshamfunika. Gari la kumleta Malindi lilikuwa bado liko njiani. Muuguzi, msichana wa miaka ishirini na kitu, alinishika mkono akaniambia damu ilikuwa ikivuja ndani na pale hawakuwa na la kufanya, hata mama angekuwepo yasingebadilika. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu anaitwa Kenge.

Nilimwambia hakuna.

"Basi alikuwa anaweweseka. Muda kidogo baada ya ile simu alinishika gauni, akaniambia nimpigie tena mama nimwambie kenge. Nilipiga, haikuingia. Kila nikipita ananiuliza: umemwambia? Akatabasamu hata, taya lilivyokuwa, akasema dada yake amemfunza mama vizuri."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Watu wananiambia nilipiga mayowe. Mimi nakumbuka ubaridi wa saruji tu, na kwamba nilikuwa nimeshika funguo za kibanda.

Kijijini nilifika kama saa kumi na moja, jua bado lipo. Mama alikuwa anaanua mihogo. Aliponiona alikuja mbio, uso umejaa furaha, akaanza kusema kabla sijafungua mdomo.

"Leo wamenijaribu tena! Mwanamke na mwanamume, wawili. Wamenisomea na kitambulisho, kama ulivyosema. Nikawauliza swali, wakashindwa. Nimewakatia, nimezima, simu nimeifunga kwenye leso nimeitia sandukuni." Akanipiga begani. "Umeona? Safari hii hawakunipata."

Nilimwacha amalize. Sijui kama ilikuwa huruma au woga. Alimaliza, akasubiri nimsifu, kisha akaniangalia vizuri na muhogo aliokuwa ameushika ukamponyoka mkononi.

Tulimzika. Watu walijaa, ngoma za matanga zikapigwa, mama akakaa mkekani hajalia. Kila aliyekuja alimwambia pole, naye alijibu, "Zimefika," kama mtu anayepokea mizigo. Ya simu hakuna aliyeyajua isipokuwa sisi wawili na muuguzi. La kenge nililijua mimi na muuguzi tu, na niliamua mama asilijue. Nilijiambia namlinda. Nimewalinda watu wengi sana maishani mwangu.

Niliendelea kukaa naye. Kibanda nilikifunga kwa muda, kwa sababu kila simu ya mteja ikilia niliisikia kama ya muuguzi ambayo haikuingia. Mwezi ulikuwa umeshapita, tunachambua kunde uani asubuhi, mama aliposema bila kuinua kichwa:

"Niliijua sauti yake."

Niliendelea kuchambua.

"Neno la kwanza tu, nikajua huyu ni wangu. Taya limevimba, simu inakwaruza, lakini nikajua. Halafu nikakumbuka ile ya kwanza pia nilijua, na nikakosea. Ulisema sauti si ushahidi." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Ndiyo nikauliza swali. Nilikuwa namwomba Mungu ajibu. Uliza wewe mara mbili kitu usichotaka kuuliza, uone."

"Mama, ulifanya sawasawa."

"Najua. Kama ulivyonifunza." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeweza kubeba. "Nilipokata, alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alilala."

Aliweka ungo chini. Alinitazama muda mrefu, mwanamke huyu niliyemwita uani kwake mjinga wa kudanganywa na kila mtu.

"Unanidanganya," akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia lile gauni la muuguzi, na lile tabasamu, na lile neno, na kwamba alikuwa akiuliza hadi mwisho kama limefika. Mama alisikiliza mikono imelala mapajani.

"Basi alijibu," akasema.

"Alijibu, mama."

"Alichelewa kidogo tu. Mwanangu alijibu, na mimi sikuwepo."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilijisogeza nimshike. Alinisukuma mkono, mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu akaniacha nimshike.