Fundi Pancha Mbele ya Beseni

Fundi pancha haamini kiraka mpaka mpira uzamishwe kwenye beseni na kisionekane hata kiputo kimoja. Tangu akatwe kipande cha pafu chenye saratani, kila miezi mitatu humnyooshea muuguzi mkono wenye madoa ya gundi, damu ipimwe kama kuna masalia yaliyojificha. "Haya mwanangu, nizamishe. Mpira wenyewe mkuukuu, lakini mama watoto hataki kununua mwingine." Leo majibu yametoka, naye, anayewafokea wateja wasiosubiri beseni, tayari ameshika kitasa cha mlango.

"Mzee, hujasikia majibu!"

"Nimeacha baiskeli ya watu juani."

"Keti, baba. Safari hii hakuna kiputo."

Akajibwaga kitini, upepo ukamtoka wote. "Ningekuwa mteja wangu," akasema akijifuta macho kwa kofia, "ningeshajitimua."